Nani Amsikilize Mtoto Asomapo?

Mji wa Tabora haukungoja shule za Serikali ndipo uyajue maandishi. Tangu zama za misafara, ulipokuwa ukijulikana kwa jina la Kazeh, nao wasafiri Burton na Speke wakawasili Novemba 1857 wakawakuta mabwana wa Kiarabu wamekwisha jenga matembe yao, barua zilikuwa zikienda na kurudi baina ya Unyanyembe, nchi ulimo mji huu, na pwani, zimeandikwa kwa khati za Kiarabu na kubebwa na wapagazi wa Kinyamwezi pamoja na pembe na nguo. Na Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, ambaye baba yake alikuwa na makazi katika nchi hiyo hiyo, alipotulia Unguja uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Ikaja reli mwaka 1912, ikaja shule ya Serikali mwaka 1922, na mwaka 1937 akaingia katika shule hiyo kijana kutoka Butiama, Kambarage Nyerere, ambaye baadaye, hata mizigo ya dola ilipokuwa mabegani mwake, alipata wasaa wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare.

Mji wenye nasaba ya namna hii ungestahili kuwa na watoto wanaogombania vitabu. Walakini tangu mwaka 2010, watu wa Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto, walipoanza kupita nyumba hadi nyumba katika wilaya za nchi yetu, wakimwekea mtoto mbele yake kisa kifupi cha kiwango cha darasa la pili na kumwomba akisome, ilidhihirika kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakiwezi, na kwamba wako wanaofika darasa la saba na hali hiyo hiyo. Jambo hili linanihuzunisha, nami sioni sababu ya kuificha huzuni hiyo.

Rai zifuatazo ndizo zinazopita masikioni mwangu kila mara hapa mtaani kwetu Ng'ambo, dukani, msikitini na katika mikutano ya wazazi. Nimezikutanisha katika baraza moja, nikampa kila msemaji jina la shughuli yake tu.

MWALIMU MSTAAFU: Tusimlaumu mtoto, wala tusikimbilie kumlaumu mwalimu, kabla hatujaitazama hesabu. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2001, na tena michango ilipofutwa mwaka 2016, watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa umaskini walikuja shuleni, na hiyo ni neema ambayo sitaikanusha hata siku moja. Lakini kuta za madarasa hazikutanuka pamoja nao. Chukulieni darasa la watoto 90, ambalo katika shule zetu za mjini si kioja, na kipindi cha dakika 30: ukitaka kila mtoto asome mbele yako utampatia sekunde 20, nazo hazimtoshi mtoto wa darasa la pili hata kuupata ukurasa. Basi mwalimu huandika ubaoni, hushika kijiti cha kuonyeshea, akasema "ba, be, bi, bo, bu", darasa zima likaitikia kwa kishindo. Wanaojua husoma, wasiojua hufuata sauti za wenzao, na yeye aliyesimama mbele hana njia ya kuipambanua sauti moja katika sauti tisini. Nimewaona watoto walioushika ukurasa mzima kwa ghibu, ukiwageuzia kitabu juu chini wanaendelea kusoma kama kwamba hapakutokea kitu.

MAALIMU WA CHUO: Mwalimu, umesema kweli, nami nitaongeza lililo kwangu. Katika chuo cha Kurani hatuna kabati, hatuna chaki za rangi, na pengine hatuna hata madawati. Lakini tuna kanuni moja ambayo mababu walituachia, nayo ni kwamba hakuna mtoto anayepitisha siku bila kuja peke yake, akakaa mbele ya mwalimu wake, akaweka kidole chini ya herufi, akasoma nikimsikiliza. Akikosea narudi naye. Akipatia namsogeza mstari wa pili. Wakiwa wengi, wale waliokwisha vuka juzuu huwasikiliza walioanza alifu, na huyo mkubwa katika kumsikiliza mdogo huzidi kuthibiti mwenyewe. Na siku mtoto anapokhitimu, wazee wake hupika, majirani huja, naye hukaa katikati amevaa kanzu mpya. Hujua moyoni mwake kwamba kusoma ni jambo linalofurahiwa na watu anaowapenda. Je, huko shuleni, mtoto akimaliza kitabu chake cha kwanza cha hadithi, ni nani anayejua?

MWALIMU MSTAAFU: Hapana anayejua, Maalimu, nami nakiri uzito wa swali lako. Lakini uniwie radhi nikuulize: huyo mtoto wako anayesoma mbele yako, anafahamu asomacho?

MAALIMU WA CHUO: Lugha ile si yake, na kusoma kule ni ibada, maana huja baadaye kwa tafsiri, kwa umri na kwa walimu wengine. Sikusema kitabu cha hadithi kisomwe kama msahafu. Ninacholeta barazani ni kile kikao cha mtoto na mtu mmoja, ambacho nyinyi wenye vitabu vinavyofahamika mmekiacha, na sisi wenye kitabu kinachotaka tafsiri tumekihifadhi.

Hapa natia neno langu. Naona Maalimu amelitaja jambo ambalo watu wa mipango hulizunguka kwa maneno mengi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015 ukaelekezwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014, ambao Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa yake ya mwanzo, ulipowakusanya walimu wa madarasa ya chini kuwafundisha njia bora za kusomesha, faida ilipatikana, nami siidharau. Lakini mbinu ya mwalimu, iwe njema namna gani, haiwezi kushika mahali pa sikio linalomwelekea mtoto mmoja. Mtoto asiyesikilizwa hajijui kama anasoma au hasomi.

MKUTUBI: Wazee wangu, nina jambo nililoliona kwa macho yangu. Alikuja binti wa darasa la tatu, akachukua kitabu chenye picha ya fisi, akaketi akasoma kwa sauti. Alikuwa hodari wa silabi. Hakuna herufi iliyomshinda. Akafika penye sentensi isemayo kwamba fisi hakumwonyesha sungura njia. Akaanza: ha, ku, mwo, nye, sha, kila kipande peke yake, kidole kikienda taratibu, na alipofika mwisho wa neno mwanzo wake ulikuwa umekwisha mponyoka. Nikamwuliza, ni nani hakumwonyesha mwenziwe? Akanitazama kimya. Alikuwa ametamka kila kitu, wala hakuwa amepata kitu. Nikamwambia, rudia, usikate. Mara ya pili akaliunganisha neno, mara ya tatu akaisoma sentensi yote kwa pumzi moja, kisha akainua uso, akasema, "Kumbe fisi ndiye mwenye roho mbaya!" Tangu hapo sikumwambia tena asome, alikuwa anataka kujua sungura atalipaje.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo kijana ameifikia roho ya somo. Watu husema Kiswahili ni chepesi kusomwa kwa kuwa hutamkwa kama kiandikwavyo, na hiyo ni kweli. Lakini wepesi huo una mtego wake. Neno letu moja la kitendo hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na ukanusho pamoja, na mtoto anayelikatakata hupoteza vyote kwa mara moja. Tunamfundisha kukata miezi sita, na kuunganisha hatumfundishi hata wiki moja. Tena msisahau watoto watokao vijijini, Sikonge na Uyui, ambao nyumbani husema Kinyamwezi, lugha yenye irabu saba, wakaja kuambiwa kwamba irabu ni tano. Mtoto huyo anajifunza herufi na lugha kwa pamoja, nasi twampima kwa kipimo kile kile cha mtoto wa Ng'ambo aliyezaliwa ndani ya Kiswahili. Insafu ingetaka apewe muda.

BI MKUBWA: Mimi kisomo nilikipata ukubwani, miaka ya sabini, wakati wa elimu ya watu wazima, tukikutana alasiri chini ya mwembe na mtoto mgongoni. Vitabu vyetu vilisema habari za pamba, mahindi na ufugaji. Nilijua kusoma, nikashukuru, lakini sikupata kucheka ndani ya kitabu wala kulia, kwa hiyo nilipokwisha kuisoma mbolea sikuwa na haja ya kurudi kwake. Lakini hawa wajukuu zangu, kabla hawajajua alifu wala a, nimewatolea hadithi. Nikisema paukwa, wanaitikia pakawa, na wanajua kwamba fisi akitokea kuna ulafi unakuja. Mtoto aliyeshiba hadithi, umpapo kitabu hukiendea kama mtu aendaye kwa jamaa yake. Sasa usiku ni televisheni na simu. Nani anatoa hadithi?

MAALIMU WA CHUO: Bi Mkubwa, huko kutocheka kitabuni ni habari kubwa.

Ni habari kubwa kweli, na historia inamshuhudia. Katika miaka ya sitini zaidi ya watu wazima 60 katika kila mia hawakujua kusoma katika nchi yetu, na kampeni zile za kisomo zikashusha idadi hiyo hata ikakaribia 10 mwaka 1986, jambo lililoshangaza ulimwengu. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilipouliza, zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano alikuwa hajui kusoma. Sababu ni nyingi, na umaskini wa miaka ya themanini ni mojawapo. Walakini yakini yangu ni kwamba wengi waliojifunza kwa vitabu vya mbolea hawakuachiwa kitu kingine cha kusoma, na ilmu isiyotumika huondoka. Watoto wetu wanapita katika njia ile ile: tunawafundisha kusoma ili wajibu maswali, na maswali yakiisha, kusoma nako huisha.

MZAZI: Wazee wangu mnazungumza vizuri, lakini mimi nina genge, nina watoto wanne, na ndani ya nyumba yangu chenye maandishi ni kalenda, daftari la madeni na pakiti za unga. Nikienda duka la vitabu naona vya shule, vya mitihani, maswali na majibu. Kitabu cha hadithi nikikipata, bei yake ni chakula cha jioni. Na shuleni vitabu vipo! Niliviona kwa macho yangu siku ya kikao cha wazazi katika shule mojawapo, vimo kabatini ofisini, kufuli mlangoni, karatasi zake bado zinang'aa na mhuri umegongwa. Nikauliza, mbona watoto hawavisomi? Nikajibiwa, mama, watavichana. Na mwanangu wa kati, yeye alichapwa fimbo siku aliyokwama katika kusoma mbele ya wenzake; tangu siku hiyo, ukimwambia soma, huumwa tumbo.

MWALIMU MSTAAFU: Binti yangu, hilo la fimbo sina utetezi wake. Hofu humfanya mtoto auangalie mkono wa mwalimu, asiangalie mstari. Amma hilo la kabati, niache nikueleze, kwani ufunguo huo nimewahi kuushika. Kitabu cha shule ni mali ya Serikali. Kinaandikwa katika leja, kinapewa namba, na siku ya ukaguzi mwalimu mkuu huulizwa: vilikuwa mia mbili, mbona ni mia moja na sabini? Hakuna mkaguzi aliyepata kuniuliza ni vingapi vilivyosomwa hata vikachakaa. Mtu anayepimwa kwa uzima wa vitabu hatamkabidhi mtoto wa darasa la pili kitabu akaondoka nacho kwenda nyumbani kwenye moshi na mafuta ya taa. Si roho mbaya. Ni hofu, kama ile hofu ya mtoto.

MKUTUBI: Basi tuibadilishe hesabu yenyewe! Maktaba zetu zilianza kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, kwa nia kwamba kitabu kitoke kimfuate msomaji. Kitabu kinachoazimwa huchakaa, na kuchakaa kumo ndani ya bajeti. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa mwaka 1991, ulilijua hilo: ulimwahidi mchapishaji kwamba utanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, na kwa njia hiyo waandishi wetu wakapata sababu ya kuwaandikia watoto kwa Kiswahili. Lakini vitabu hivyo vikifika vikaingia kabatini, mnyororo mzima umekatika katika pete yake ya mwisho.

MWALIMU MSTAAFU: Na mitihani, kijana? Mzazi anataka alama. Nawe, binti yangu, ukimwona mwanao wa darasa la nne anasoma hadithi za Abunuwasi mwezi wa mtihani, utanyamaza?

MZAZI: Nisingenyamaza, sisemi uongo. Ningemwambia shika daftari.

MWALIMU MSTAAFU: Waona sasa.

MZAZI: Lakini Mwalimu, mtihani wenyewe si huandikwa kwa maneno? Huyu wangu hesabu anazijua; akiulizwa gengeni anajibu kabla ya mteja. Karatasini anakosa kwa sababu swali limekuwa refu.

Sina la kuongeza juu ya maneno hayo ya mzazi, isipokuwa kwamba ndiyo hoja niliyotamani kuisikia kwa walimu wote wanaoondoa kipindi cha hadithi ili kupata kipindi cha mazoezi. Mtoto anayesoma kwa raghba kurasa kumi za vituko vya Abunuwasi, akicheka njiani, amefanya zoezi la kusoma zaidi kuliko aliyejaza nafasi ishirini zilizoachwa wazi. Tena kesho atarudi kwa hiari yake, ambapo huyu wa pili atarudi kwa kuitwa. Wala simaanishi kwamba mtoto aachwe na kitabu peke yake kwa matumaini kwamba mapenzi yatamjia. Raghba ya binti yule wa fisi ilizaliwa kwa sababu palikuwa na mtu aliyemwuliza swali moja, akamngojea.

MAALIMU WA CHUO: Nisikilizeni basi. Baada ya alasiri chuo changu huwa na wasaa kabla ya magharibi. Watoto wale wale wa shule ndio wa chuo. Wanazo sare mbili na kichwa kimoja. Siku mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumapili, natoa baraza langu. Mkubwa wa darasa la sita amsikilize mdogo wa darasa la pili, mtoto kwa mtoto, dakika kumi kwa kila mmoja. Mwalimu atawaonyesha wakubwa namna ya kungojea bila kudakia neno. Lakini vitabu sina.

MKUTUBI: Vitabu nitaomba kwa mkuu wangu tuazime sanduku moja, kwa barua yenye sahihi zenu.

MWALIMU MSTAAFU: Na kitakachopotea?

MZAZI: Liandike jina langu, Mwalimu. Kikipotea kimoja nitalipa kidogo kidogo, kama watu wanavyonilipa mimi gengeni.

BI MKUBWA: Msitishane kwa kitabu kimoja. Kikirudi kimechanika, gundi na uzi vipo, nitavishona mwenyewe. Mimi langu ni jingine. Hizo hadithi za sandukuni ni njema, lakini za kwetu za Unyanyembe hazimo. Kijana, wewe una mwandiko mzuri. Njoo nikutolee, uandike katika daftari, herufi kubwa, na watoto wachore picha. Mjukuu akisoma maneno aliyoyasikia kwangu, hatakwama. Atakuwa anajua yanakokwenda.

MKUTUBI: Kwa Kinyamwezi, bibi, au kwa Kiswahili?

BI MKUBWA: Nyimbo zake kwa Kinyamwezi, maana zikigeuzwa haziimbiki. Mengine kwa Kiswahili.

MWALIMU MSTAAFU: Nitapitia tahajia kabla watoto hawajapewa.

BI MKUBWA: Tahajia pitia. Maneno yangu niachie, Mwalimu. Usije ukamfanya fisi wangu aseme kama mtu wa ofisini.

MWALIMU MSTAAFU: Sitamgusa. Lakini sentensi zikiwa ndefu mno kwa darasa la pili, nitaomba ruhusa yako tuzikate.

BI MKUBWA: Utaniomba moja moja, na kila moja nitaisikiliza kwanza ikisomwa na mtoto. Akifika mwisho hajapotea, haikatwi.